Tathmini ya Kozi ya Msingi ya Unasihi wa Kichungaji Niliyoisoma kwa Majuma 12

Kwa miaka 9 nimekuwa mzee wa kanisa, na kwa muda wote huo watu wamekuwa wakinijia na mambo ambayo hakuna aliyewahi kunifundisha namna ya kuyapokea: ndoa iliyofika ukingoni, mjane aliyefiwa angali kijana, baba asiyesemezana na mwanawe, binti anayesema haoni sababu ya kuendelea kuishi. Nilikuwa nikiwasomea mstari, nikiwaombea, na kuwasindikiza hadi mlangoni nikiamini kwamba nimehudumu. Kisha mmoja wao aliniambia, miezi kadhaa baadaye na bila hasira yoyote, kwamba siku ile aliondoka kwangu na mzigo uleule aliokuja nao, pamoja na aya mbili za kukariri. Hapo ndipo nilipojiandikisha katika kozi ya msingi ya unasihi wa kichungaji inayotolewa na chuo kimoja cha theolojia kwa njia ya mtandao. Sitakitaja chuo hicho kwa jina, kwa kuwa sehemu ya niliyo nayo ni malalamiko. Lakini kozi za namna hii zinakaribiana sana, na anayefikiria kujiunga na yoyote kati yake ataweza kuipima kwa haya nitakayoyasema.

Kozi ni ya majuma 12. Kila juma lina mhadhara mmoja wa video, kurasa chache za kusoma, na kikao cha saa mbili ambamo washiriki 8 na mkufunzi wao hukutana kwa video. Juu ya hayo kuna maigizo dhima, yaani mazoezi ambamo mmoja huigiza mwenye shida na mwingine mnasihi, na kuna taarifa 5 za mazungumzo ambazo kila mshiriki anatakiwa kuziandika. Hizo taarifa nitazieleza kwa kirefu, maana ndizo zilizonifanya niandike tathmini hii. Bila hizo kozi ingekuwa mkusanyiko wa mihadhara mizuri kiasi ambayo mtu angeisahau kabla ya msimu kwisha.

Mihadhara miwili ya kwanza ni ya historia, na nilidhani nitaisinzia. Sikuisinzia. Inaanza na Papa Gregori Mkuu, ambaye mnamo mwaka 590 aliandika mwongozo wa wachungaji na kusisitiza kwamba maskini na tajiri, mwenye furaha na mwenye huzuni, hawaonywi kwa namna moja. Kisha inaruka karne nyingi, mruko mkubwa mno kwa maoni yangu, hadi kwa Anton Boisen, mchungaji wa Marekani ambaye mwenyewe alipata kulazwa kwa ugonjwa wa akili, na ambaye mwaka 1925 alianza kuwaweka wanafunzi wa theolojia katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Worcester, jimboni Massachusetts, ili wajifunze kutoka kwa wagonjwa wenyewe. Boisen alimwona mtu anayeteseka kuwa ni andiko lililo hai, linalostahili kusomwa kwa uangalifu uleule ambao mwanafunzi huutumia kwa maandiko ya kale. Wazo hilo lilinikaa kichwani kwa majuma yote yaliyofuata, kwa sababu mimi nilikuwa msomaji wa haraka: nikiona kichwa cha habari tu, nadhani nimeimaliza habari yenyewe.

Kutoka hapo mkufunzi anatupeleka kwa mwanatheolojia Seward Hiltner, ambaye mwaka 1958 aliigawa kazi ya mchungaji katika kuponya, kutegemeza na kuongoza, na kwa William Clebsch na Charles Jaekle, ambao mwaka 1964 waliongeza jukumu la nne, yaani kupatanisha. Mgawanyo huu unaonekana mkavu ukiusoma kwenye karatasi, lakini una faida yake katika kazi. Wengi wetu tunakimbilia kuongoza, na tukishindwa tunatamani kuponya. Kutegemeza, yaani kukaa na mtu ndani ya jambo ambalo halitabadilika, hatukuhesabu kuwa ni kazi kabisa. Mama mwenye mtoto aliyezaliwa na maradhi yasiyo na tiba haji kutafuta mwongozo. Anamtafuta mtu asiyekimbia.

Mjadala mkubwa wa fani hii, kama saikolojia ina nafasi katika unasihi wa Kikristo, unapewa kikao kimoja tu, na hilo ni kosa. Upande mmoja wamo waliojifunza kwa mwanasaikolojia Carl Rogers, ambaye mwaka 1957 alidai kwamba mtu hubadilika pale anapokutana na msikilizaji mkweli, anayemkubali bila masharti na anayejitahidi kuuona ulimwengu kama yeye anavyouona. Upande wa pili yumo mchungaji Jay Adams, ambaye katika kitabu chake cha 1970 alilitwaa neno la Kigiriki la Agano Jipya lenye maana ya kuonya na kulijengea juu yake mfumo mzima, akishikilia kwamba sehemu kubwa ya matatizo yasiyotokana na maradhi ya mwili yana mzizi wake katika dhambi, na kwamba mchungaji mwenye Biblia ana uwezo wa kuyashughulikia bila kuazima kwa wanasaikolojia. Mkufunzi wetu alisema waziwazi kwamba yeye yuko katikati, anaazima njia za kusikiliza na kuyapima yote kwa Maandiko, nami nilimheshimu kwa kulitangaza hilo badala ya kulificha. Lakini kikao chenyewe kiligeuka ugomvi wa watu wawili, sita wengine tukitazama, na muda ukaisha kabla hatujafika popote. Swali hili lingestahili majuma mawili, kwa sababu jinsi mtu anavyolijibu ndivyo atakavyomwitikia mtu wa kwanza atakayebisha hodi kwake.

Sasa taarifa za mazungumzo. Ni zoezi rahisi kulieleza na gumu kulifanya. Unazungumza na mtu kwa ruhusa yake, bila kuandika chochote mbele yake. Ukifika nyumbani unaandika kila kilichosemwa, neno kwa neno kadiri unavyokumbuka, kila kauli ikiwa na namba yake, pamoja na ukimya, machozi, na mahali ulipotupia jicho saa yako. Pembeni unaandika ulichokuwa ukihisi wewe, wala si yeye. Majina na mambo yanayoweza kumtambulisha mwenyewe unayabadilisha. Kisha kikundi kinaisoma kwa sauti, mshiriki mwingine akiyasoma maneno yako, nawe unakaa kimya ukijisikiliza. Njia hii ilikuzwa na Russell Dicks, kasisi wa hospitali aliyefanya kazi pamoja na daktari Richard Cabot na kutoa naye kitabu mwaka 1936, na inashangaza kwamba karibu miaka 90 baadaye bado haijapatikana njia bora ya kumwonyesha mtu jinsi anavyosikiliza vibaya.

Taarifa yangu ya kwanza ilihusu mzee mmoja aliyefiwa na mkewe. Nimepata ruhusa yake kuisimulia, na nimebadilisha mambo kadhaa. Katikati ya mazungumzo aliniambia, "Tangu tumzike sijalala kitandani kwetu." Nami nikajibu, "Pole sana, Baba. Lakini Mungu ana makusudi yake, na tumshukuru kwa miaka aliyowajalia." Akasema, "Ni kweli, Mzee. Tunamshukuru." Nilipoiandika niliona ni mahali pazuri kabisa pa mazungumzo yale, maana tulikuwa tumefikia shukrani. Mkufunzi aliirudisha ikiwa na maneno mawili ya wino mwekundu. Mbele ya jibu langu aliandika: "Amekuletea kitanda. Umekipeleka wapi?" Na mbele ya ile shukrani ya mzee: "Hapa ameacha kuzungumza nawe, ameanza kukujibu."

Sijui kama niliwahi kusahihishwa kwa maneno machache hivyo. Nilihesabu maneno katika taarifa nzima, nikakuta yangu ni karibu mara mbili ya yale ya mfiwa. Mithali 18:13 inamtaja ajibuye kabla hajasikia kuwa ni mpumbavu, nami nimeihubiri aya hiyo mara mbili.

Majuma mawili baadaye nilirudi kwa mzee yule, nikamwambia, "Siku ile uliniambia hulali kitandani. Siku hizi unalala wapi?" Alinyamaza kwa muda ambao zamani ningeujaza kwa sala. Kisha akasema analala kwenye kochi, taa ikiwaka hadi asubuhi, kwa sababu kwa miaka yote ya ndoa yao mke ndiye aliyezima taa, na yeye hana moyo wa kuichukua kazi ile. Baada ya hapo alizungumza karibu saa nzima. Mimi katika saa hiyo nilisema mambo machache sana, na Biblia haikufunguliwa mpaka alipoomba mwenyewe tusome zaburi.

Kutokana na taarifa kama hizo za washiriki 8, kikundi chetu kilianza kuyachunguza maneno tunayoyatumia kila siku bila kuyapima. "Jikaze." "Usilie." "Ni mipango ya Mungu." "Wewe ni mwanamume." Mkufunzi hakutukataza kuyasema, alituuliza tu ni nani anayefarijika yanaposemwa, na kwa aibu tukakiri kwamba mara nyingi anayefarijika ni msemaji. Juu ya neno "pole" alikuwa na uchunguzi ambao sijaukuta kwingine: kwamba Kiswahili kimetujalia neno fupi lisilodai jibu wala kutoa maelezo, na kwamba tunaliharibu pale tunapoliunganisha na "lakini". Pole ikifuatwa na ukimya humpa mtu nafasi. Pole ikifuatwa na lakini humwambia zamu yake imekwisha. Nilirudi kuitazama taarifa yangu ya kwanza, na kweli hiyo lakini ilikuwapo, imekaa katikati ya mstari kama mlinzi wa zamu.

Maigizo dhima yalinitia aibu mwanzoni, kama yanavyowatia aibu watu wazima wote, lakini yalikuwa na nidhamu nzuri: kila igizo lina dakika 10, kila mtu anaruhusiwa kulisimamisha, na anayecheza nafasi ya mwenye shida hatakiwi kuigiza jambo lake mwenyewe. Kanuni hiyo ya mwisho ilivunjwa mara moja. Mwenzetu aliyekuwa akiigiza mume aliyesalitiwa alianza kulia machozi ya kweli, na namna mkufunzi alivyoligeuza igizo kuwa huduma, taratibu na bila kumdhalilisha, ilikuwa somo kuliko mhadhara wowote. Katika maigizo hayo nilijifunza pia kwamba swali la "kwa nini" humfanya mtu ajitetee, ilhali "ilikuwaje" humfanya asimulie. Na nilitambua, kwa kuchelewa, kwamba Yesu alimuuliza Bartimayo, kipofu aliyeonekana wazi kuwa kipofu, anataka afanyiwe nini. Mimi ningeanza kwa kumweleza habari za upofu.

Somo la sala na Maandiko ndilo nililoliogopa zaidi, nikidhani tutaambiwa kwamba mambo hayo ni ya kuwekwa kando. Haikuwa hivyo. Tulisoma habari za Eliya chini ya mretemu, anayeomba kufa, na tukaonyeshwa mpangilio wake: malaika anamgusa, anampa mkate na maji, anamwacha alale tena, anamlisha mara ya pili, swali la Mungu linakuja baadaye sana, huko Horebu. Hoja ya mkufunzi ni kwamba sala ina wakati wake, na kwamba maneno "haya, tuombe" mara nyingi hutumika kufunga mazungumzo yaliyoanza kumtisha mwenye kusikiliza. Alitupa zoezi la kumuuliza mtu kwanza kama angependa kuombewa, na aombewe nini. Mama mmoja katika kikundi chetu aliona kuuliza hivyo ni kumpunguzia Mungu heshima. Walibishana kwa adabu, na hawakukubaliana.

Juu ya usiri kozi iko vizuri sana. Inatenganisha vizuri siri ya kitubio katika Kanisa Katoliki, ambayo kanuni ya 983 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983 inasema haivunjwi kwa sababu yoyote, na usiri wa unasihi wa kawaida, ambao una mipaka: hatari kwa uhai wa mwenyewe, hatari kwa mtu mwingine, mtoto anayedhulumiwa. Mipaka hiyo mtu aambiwe kabla hajaanza kuzungumza, si baada ya kusema jambo ambalo huwezi kulibeba peke yako. Jambo ambalo sikulitarajia ni nafasi kubwa iliyopewa maombi ya pamoja kama mlango wa kuvujisha siri. "Tumwombee dada yetu, anapita katika jambo zito nyumbani kwake": sentensi hiyo haina jina la kosa wala la mtu, na hata hivyo kabla ya jioni kila mtu anajua. Nimeisema mimi mwenyewe, kwa nia njema, zaidi ya mara moja.

Mhadhara wa kumhudumia anayefikiria kujiua uwe wa lazima kwa kila anayeshika uongozi kanisani. Unaondoa hofu kwamba ukilitaja jambo utampa mtu wazo. Kumuuliza waziwazi, kwa neno lenyewe la kujiua, hakumpandikizii nia, na mara nyingi humtua mzigo wa kuificha. Kisha unafundisha hatua zinazofuata: usimwache peke yake, vitu vya kujidhuru viondolewe karibu naye, na akabidhiwe kwa mtaalamu wa afya siku hiyohiyo. Tulifanya mazoezi ya kulitamka neno hilo kwa sauti, mmoja mmoja, mpaka ndimi zikaacha kusitasita.

Sasa lawama. Somo la 7, la msamaha na upatanisho, lina kasoro ambayo naiona ya hatari. Linaichukua Mathayo 18, pale Yesu anapomwelekeza aliyekosewa aende akazungumze na mkosaji wakiwa wawili tu, na kuitumia katika kila ugomvi wa nyumbani, ukiwamo ule ambao mmoja anampiga mwenzake. Kumrudisha mwanamke anayepigwa akaonane peke yake na anayempiga ni kumhatarisha, hata kama kumefungwa kwa aya. Somo halitofautishi kusamehe, jambo ambalo mtu anaweza kulifanya akiwa mbali na salama, na kurudiana, ambako kunahitaji mkosaji aliyetubu na kubadilika kwa matendo yanayoonekana. Wala halisemi kwamba kuwakalisha mume na mke pamoja mbele ya mnasihi, hali kuna kipigo, humfanya anayepigwa aseme uongo ili arudi nyumbani salama. Nililiuliza hilo kikaoni na nikajibiwa kwamba ni jambo la kozi ya ngazi ya pili. Silikubali jibu hilo. Mtu aliyemaliza ngazi ya kwanza ataletewa kesi hiyo kabla hajalipia ya pili.

Somo la majonzi nalo limechakaa. Linafundisha zile hatua tano za daktari Elisabeth Kübler-Ross (kukana, hasira, kujadiliana, huzuni na kukubali) kama ngazi ya kupandwa kidato kwa kidato, ilhali yeye, katika kazi yake ya 1969, alizitoa katika mazungumzo na wagonjwa waliokuwa wakikabili kifo chao wenyewe, si na waliofiwa, na wafiwa hawafuati mpangilio wowote. Mzee wangu wa kwenye kochi hakuwa katika hatua ya aina yoyote. Alikuwa na taa isiyozimika. Kuhusu maradhi ya akili kuna mhadhara mmoja tu, wa haraka, ambao angalau unaonya dhidi ya kumwambia mtu aache dawa zake kwa kuwa ameombewa. Juu ya sonona na kiwewe unasema mambo machache mno, na dalili zinazomtaka mtu apewe rufaa zimewekwa kwenye ukurasa mmoja ambao kila mshiriki anapaswa kuuchapisha na kuubandika mahali anapoketi na watu.

Madogo ni haya: majaribio ya kila juma ni ya kuchagua jibu, na majibu yanajulikana bila kusoma, sauti katika video mbili za mwanzo ni hafifu, taarifa yangu ya tatu ilirudishwa baada ya majuma matatu, nilipokuwa nimekwisha kuandika ya nne na kurudia makosa yaleyale. Katika kozi inayosimama juu ya kusahihishwa, kuchelewa huko si jambo dogo sana, na mkufunzi mmoja kwa vikundi vinne ndiyo sababu yake.

Cheti kinachotolewa mwishoni hakimfanyi mtu kuwa mnasihi mwenye taaluma, na kwa sifa yao waandaaji wameliandika hilo juu ya cheti chenyewe. Anayetafuta kazi ya unasihi asije hapa. Anayefaa ni mchungaji, mzee wa kanisa, shemasi, katekista, kiongozi wa akina mama au wa vijana, mtu ambaye watu wanamjia tayari, awe amesoma au hajasoma. Ahakikishe tu kwamba ana saa 6 kwa juma, wala si zile 3 zilizotangazwa, maana kuiandika taarifa moja ya mazungumzo ya nusu saa kulinichukua usiku mzima. Na awe amemwambia mwenzi wake au mtu anayemwamini kwamba anasoma kozi hii, kwa kuwa yako majuma ambayo kinachochimbuliwa ni chako mwenyewe.

Nimewaandikia waandaaji kuhusu somo la 7, ukurasa kwa ukurasa. Wamejibu kwa heshima kwamba linaandikwa upya. Mpaka nitakapoliona jipya, kila ninayemwelekeza kwenye kozi hii namwambia ajiunge, aandike taarifa zake zote 5 bila kujionea huruma, na juma la 7 alitumie kumtembelea mfiwa.